Kobe Katika Chumba cha Mama

Asubuhi za Rwambuzi wakati ule! Nikizikumbuka, natamani zirudi. Vita vilikuwa vimetulia kidogo, ingawa wakubwa bado waliongea kwa sauti ya chini. Nilifagia uwanja, nikachota maji, kisha nikaenda shule na harufu ya moshi kwenye sare.

Mwaka huo mwalimu wetu, Théodore, alitutengenezea roboti: kigari cha magurudumu manne chenye kitambuzi cha hewa mbele. Kilitembea polepole mno, tukakiita Kobe. Kioo chake kidogo kilionyesha namba. Namba ikipanda, ujue hewa ina sumu ya makala, yaani makaa tunayopikia, ile isiyoonekana wala kunuka. Kila mwanafunzi alikaa na Kobe nyumbani siku moja, akachora vyumba na kuandika namba zake. Michoro yetu ingeunganishwa kuwa ramani ya hewa ya mtaa mzima.

Zamu yangu, ya mwisho darasani, ilipofika, mama alikuwa na siku tisa tu tangu amzae Aimé. Kwetu, aliyetoka kujifungua hukaa ndani, dirisha limefungwa, na mbabula, lile jiko la makala, huwekwa karibu na kitanda ili apate joto. Bibi yangu, Koko Adeline, ndiye aliyelinda mlango.

"Koko, acha Kobe aingie kidogo."

"Ile kitu ya magurudumu? Kwa muzazi? Hapana! Weye unataka kuleta baridi mu nyumba?"

Koko nilimwogopa kuliko mwalimu. Basi kwenye chumba cha mama nikaandika tatu, namba niliyoiona uwanjani. Nani angejua?

Kesho yake mwalimu alibandika ramani ubaoni. "Muuguzi atatembelea nyumba zenye namba kubwa," alisema. "Rébecca, kwenu hewa iko safi. Hatapita."

Wenzangu wakanipigia makofi. Mimi nilitazama meza tu, aibu imenijaa.

Mchana nilimkuta mama anatapika, akilalamika kichwa. Aimé alilegea, hata kunyonya hataki.

"Ni malaria," Koko akasema, akaongeza makala.

Sikuvua hata mkoba. Nilikimbia mpaka shule.

"Mwalimu, nilidanganya! Kobe hakuingia kwa mama!"

Hakunigombeza. Alimkwapua Kobe, tukarudi mbio. Koko alisimama mlangoni, lakini aliponiona ninalia, akasogea. Kobe akaingia. Thelathini. Tisini. Mia moja na arobaini!

"Toeni mbabula! Fungueni dirisha!" mwalimu akapaza sauti.

Tuliwatoa mama na mtoto nje, kisha wakapelekwa kituo cha afya kwa pikipiki. Koko aliketi chini, mikono kichwani. "Mungu wangu! Kumbe miye ndiye nilikuwa naua watoto yangu!"

Kabla jua halijazama Aimé alinyonya. Nililia tena, safari hii kwa furaha.

Mwalimu akanirudishia mchoro wangu. "Rébecca, usichokipima, acha wazi. Nafasi tupu ingenifanya niulize. Ile tatu yako ilininyamazisha."

Leo Aimé amenipita kwa urefu, na Koko hayupo tena. Nammisi sana. Mpaka mwisho wa maisha yake, akisikia jirani amejifungua, alichukua fimbo yake akaenda. Kabla hata ya kuuliza ni msichana au mvulana, aliita kutoka uwanjani:

"Dirisha iko wazi?"