Mafuta ya Padre

Kila asubuhi, kabla kengele ya misheni haijalia, Flavia na mama yake Marcelina walikuwa wameshafika kisimani. Kisima kilikuwa bondeni, kando ya njia ya zamani ya wapagazi, ile iliyotoka Tabora kwenda Ujiji. Wapagazi wenyewe walikwisha siku nyingi, tangu reli ilipofika, lakini njia ilibaki imechimbika kwa nyayo zao, na akina mama wa kijiji waliifuata kwa sababu ilijua penye maji.

Marcelina hakuweza kubeba maji kimya. Akishajitwika mtungi tu, huanza.

"Kitendawili!"

"Tega!" Flavia huitikia.

"Ananisindikiza mpaka shambani. Hali, hanywi, halimi. Jua likizama ananiacha bila kuniaga."

"Kivuli!"

"Aa, umekua wewe. Haya, kingine. Nyumba ina watu wengi kama jeshi, kila mmoja ana mkuki wake, na akiba yao ni tamu kuliko ya mtemi."

"Mzinga wa nyuki! Hicho ni cha baba, umemwibia!"

Wote wawili wakacheka mpaka maji yakawamwagikia mabegani. Raymundi, baba yake Flavia, alikuwa mrina asali. Msimu ule alikuwa msituni, mbali upande wa Sikonge, na angerudi tu mizinga yake yote ikishavunwa. Hapakuwa na njia ya kumpelekea habari.

Mwezi wa sita ulipoingia na upepo wake wa baridi, Marcelina alianza kukohoa. Kikohozi kikageuka kichomi. Homa ikampanda, na kila alipovuta pumzi alishika ubavu kama mtu aliyechomwa mwiba. Sasa Flavia alikwenda kisimani peke yake. Njia ilikuwa ile ile, lakini aliiona ndefu. Mara nyingine alijikuta ametamka "Tega!" kwa sauti, kisha akanyamaza, akasikiliza majani tu.

Modest, dresa wa zahanati, alikuja kwa baiskeli yake. Aliweka sikio kwenye mgongo wa mgonjwa, akatoa vidonge.

"Vidonge hivi vinapigana na kichomi," alimwambia Shangazi Koleta, dada yake Raymundi, aliyekuja kuuguza. "Lakini naona mgonjwa hana utulivu moyoni. Mtulizeni. Mtu mwenye hofu hapumziki."

Dresa alipoondoka, Marcelina alimwita Flavia kwa kidole.

"Mwanangu, nenda misheni. Mwambie Padre Nikolaus aje anipake mafuta ya wagonjwa. Mwambie namngoja."

Flavia aliitikia, akatoka. Lakini moyo wake ulibaki mlangoni. Alimkumbuka Mzee Lugembe, jirani yao. Padre aliletwa kumpaka mafuta asubuhi, na kabla ya jioni watu walikuwa wanachimba kaburi. Kabla yake alikuwa mke wa katekista. Naye vilevile, mafuta, kisha kilio. Kijijini watu walikuwa wanafunga milango yao wakisikia pikipiki ya padre inakuja na mafuta.

Njiani alimkuta Jilala, mwenzake wa darasani, anachunga mbuzi.

"Unakimbilia wapi, Flavia? Umetumwa chumvi?"

"Namwita padre. Mama anataka kupakwa mafuta."

Jilala aliacha kucheza na fimbo yake. "We! Umesema mafuta? Umwite kabisa na seremala wa majeneza, usipate taabu ya kutoka mara mbili."

"Nyamaza, Jilala!"

"Basi nisiseme? Nani umemwona akipakwa akaamka akala ugali? Mtaje mmoja tu."

Flavia akampita. Alifika kwenye ua wa misheni, akamwona Padre Nikolaus amechuchumaa kando ya pikipiki yake, mikono myeusi kwa grisi, anapiga mluzi. Angeita tu, padre angegeuka. Hakuita. Alisimama nyuma ya ua mpaka miguu ikamuuma, kisha akarudi alikotoka.

"Padre hayupo," alisema alipoingia ndani. "Amekwenda safari kwenye vigango vya mbali."

Mama yake akageuza uso ukutani, na Flavia akaona bega lake linatikisika.

Tangu hapo Marcelina hakulala vizuri. Masikio yake yalikuwa barabarani. Lori la tumbaku likinguruma mbali, aliinua kichwa. "Ni padre?" Baiskeli ikipita, "Flavia, chungulia, si padre huyo?" Kila mara Flavia alichungulia, na kila mara alisema hapana. Alimtamani mama yake aliyekuwa akimwibia baba vitendawili. Huyu aliyelala mkekani alikuwa karibu kiasi cha kuguswa mkono, na bado Flavia alimwona kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

Jioni moja walipopiga magoti kusali, Flavia alianza vizuri kama kawaida. Alipofika pale kwenye Baba Yetu pa kumwomba Mungu awaokoe na yule mwovu, ulimi ulikuwa mzito kama jiwe. Shangazi Koleta akamalizia sala peke yake, akamkazia macho.

Kesho yake shangazi alifunga kanga yake kiunoni kama mtu aliyekwisha kuamua.

"Kama padre hayupo, mimi sitakaa nikimtazama wifi yangu anakwisha. Nimeagiza mfumu. Atakuja leo jua likiwa utosini, apige ramli, atuambie mkono wa nani umo humu."

"Mkono wa nani, Shangazi?" Flavia aliuliza kwa hofu.

"Si atasema yeye? Mimi najua tu nani anaingia humu kila siku na bakuli."

Flavia alijua anayesemwa. Aliyeingia kila siku na bakuli alikuwa Bi Mwanajuma, mama mzee Mwislamu aliyehamia kijijini kutoka Ng'ambo, mjini Tabora. Tangu Marcelina augue, aliwaletea uji wa ulezi bila kukosa. Saa ile ile akapiga hodi, bakuli mkononi.

"Hamjambo humu? Mgonjwa kaamkaje?"

"Shikamoo, bibi," Flavia alisema, lakini hakuweza kumtazama usoni.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekonda hivyo kama uzi? Na wewe utakunywa huu uji, nimeweka karanga."

Shangazi Koleta alilipokea bakuli kwa ncha za vidole, akaliweka mbali na mgonjwa. Bi Mwanajuma aliliona hilo. Tabasamu lake likafa polepole.

Flavia hakungoja zaidi. Alitoka mbio, akampita Jilala na mbuzi wake bila salamu, akaingia misheni akihema.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre!"

"Milele na milele, amina. Flavia? Nini, binti yangu?"

Yote yakatoka kwa mkupuo, pamoja na machozi. Kwamba mama alimtuma. Kwamba alimwona padre akitengeneza pikipiki, akamkimbia. Kwamba alidanganya, na sasa mfumu yuko njiani na Bi Mwanajuma atasingiziwa. "Niliogopa, Padre. Ukija na mafuta, mtu hufa. Nilitaka mama yangu abaki."

Padre Nikolaus hakukunja uso. Alikwenda kunawa mikono, akarudi na mkoba mdogo mweusi.

"Panda nyuma, ushike sawasawa. Njiani usinisemeshe. Sali."

Ndani ya nyumba, Shangazi Koleta alishangaa kumwona padre anainama mlangoni. Alimtazama Flavia, akampisha padre. Marcelina yeye alifumba macho, machozi yakamtiririka mpaka masikioni.

"Umekuja," alisema.

Walitandika kitambaa cheupe juu ya kigoda, wakaweka msalaba na mshumaa. Padre alivaa shingoni stola yake, ule utepe mpana wa zambarau, akaomba amani ishuke juu ya nyumba ile na kila nguvu ya adui iondoke humo. Kisha akampaka mafuta kwa pamba: macho, masikio, pua, midomo, mikono na miguu, akiomba kwa kila mahali. Bi Mwanajuma alitaka kutoka kwa heshima, padre akamwambia, "Kaa, mama. Wewe umeuguza." Akaketi karibu na mlango, kichwa kimefunikwa kwa mtandio.

Kwa mara ya kwanza tangu adanganye, Flavia alisali Baba Yetu mpaka mwisho wake.

Sala zilipokwisha, mfumu alibisha hodi nje, kibuyu chake mkononi. Marcelina alisema kwa sauti ndogo, lakini kila mtu aliisikia. "Wifi, mshukuru, umwambie arudi. Mimi nimeshaombewa. Na huo uji nipe, naona unapoa."

Shangazi Koleta aliinuka. Alitoka, akaongea na mfumu, akarudi. Alilichukua bakuli, mara hii kwa mikono yote miwili, akampa mgonjwa. "Dada Mwanajuma," alisema, macho chini, "nisamehe."

Mchana ule ule jasho lilimtoka Marcelina mpaka mkeka ukalowa. Homa ikashuka. Akalala usingizi wa mtoto. Modest alipopita jioni kumwangalia, aliweka sikio mgongoni, akaliweka tena, akakaa kitako.

"Siku ile niliondoka hapa nikijua nitarudi matangani," alisema. "Vidonge navijua, na alivyokuwa ameshazidiwa vile, sijaviona vikifanya hivi. Mshukuruni Mungu."

Marcelina alipoweza kukaa, Flavia alimwambia ukweli wote. Mama hakumgombeza. Alimvuta kifuani. "Nilidhani Mungu amesikia ninavyomwita, akaenda zake safari," alisema. "Hilo liliniuma kuliko kichomi."

Jumapili moja Marcelina aliweza kwenda kanisani, akitembea polepole kwa kumwegemea binti yake. Baada ya misa Flavia alimsogelea padre.

"Padre, mama alipona. Mbona Mzee Lugembe alikufa? Yeye hakupakwa mafuta yale yale?"

"Yale yale," alisema Padre Nikolaus. "Lakini Mzee Lugembe watu wake waliogopa kama wewe. Waliniita roho imeshafika kooni, kisha wakasema mafuta yameua. Mafuta hayaui, Flavia. Ni ya kumtia mtu nguvu kwenye vita vyake, na Mungu akipenda, humwinua na mwili. Akipenda vingine, humchukua kwa amani. Kwa nini huyu hivi na yule vile, sijui. Mimi hutumwa tu."

"Na kama mama angekufa?" Flavia aliuliza.

Padre alimtazama Marcelina, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nje akizungumza na wanawake, shingo yake nyembamba bado, akicheka.

"Angekufa mimi nikiwa nimemshika mkono. Siyo akisikiliza barabara. Adui wetu, binti yangu, hana haja ya kuja na pembe na moto. Humnong'oneza mtu aliye na hofu aseme uongo mdogo, halafu anakaa kando. Uongo wako ulimnyima mama faraja, ukamfungulia mfumu mlango, ukakaribia kumharibia jina mzee asiye na kosa. Ukweli ulipoingia, vyote vilitoka. Ukiogopa tena, njoo na hofu yako hapa hapa, uiseme ilivyo. Huyo adui hawezi kupigana na mtu asiyeficha kitu."

"Ndiyo, Padre."

"Sasa nenda, mama yako anataka kuinuka."

Flavia alikwenda, akampa mama yake bega, wakaianza njia ya kurudi nyumbani, wakipumzika kila alipochoka.