Hakuna Aliyekohoa Guntur

Amri iliingia saa mbili asubuhi, maneno matano tu.

Pilipili zimeungua. Nenda na Haima.

Vardhan akasonya. Haima tena!

Majasusi hawa wawili walisomea ukadiriaji wa hasara za bima kwa miezi sita, ili waweze kuchokonoa majivu ya mali za watu bila kuulizwa. Haima alitoka wa kwanza, Vardhan wa pili. Jambo hilo lilimuuma mpaka leo, na leo Mkuu wao alikuwa anachagua wa kuongoza kituo cha ujasusi cha mji wa Vizag.

Ghala la mfanyabiashara Polayya, mjini Guntur, lilikuwa bado linafuka. Mwenyewe alidai bima kwa magunia mia tatu ya pilipili kavu. Mkuu alishuku kwamba magunia hayo yalificha bunduki za magendo.

Vardhan akatoa kamera ya joto, FLIR mpya kabisa. Akapima kuta. Akapima majivu.

Haima alisimama mikono mitupu, akiwatazama wazima moto wakinywa chai.

"Kaka, acha hiyo midoli. Unakohoa?"

"Nikohoe kwa nini?"

"Mama yako akiunguza pilipili tatu, mtaa mzima unatoka mbio. Hapa zimeungua gunia mia tatu, na watu wanakunywa chai?"

Wivu ukamwingia Vardhan. Yeye ndiye mzaliwa wa Guntur, mji wa pilipili! Mbona hakuliona?

"Mzigo uliondoka kabla ya moto," Haima alisema. "Mimi nambana Polayya. Wewe wahi barabara ya bandarini."

Pikipiki ya Vardhan, Royal Enfield, ikanguruma.

"Malori mangapi?" aliuliza redioni.

"Moja. Ashok Leyland ya bluu. Haraka, kaka, meli inang'oa nanga saa sita!"

Akalikuta kilomita ishirini mbele. Bastola yake ya Glock ikalia mara mbili. Tairi likapasuka, lori likalalia mtaro, dereva akashuka mikono juu.

Vardhan akapasua gunia. Pilipili zikamwagika, na katikati yake bunduki.

Polisi walipofika, simu iliita.

"Mkuu, tumezipata. Zote."

"Safi. Nani aligundua ujanja wa moto?"

Vardhan akawapa polisi mgongo.

"Mimi."

"Haima naye kaniambia hivyo hivyo. Ni wewe. Kituo cha Vizag ni chako."

Simu ikakatika.

Vardhan akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akakung'uta koti, akaiendea pikipiki taratibu. Polisi walimpisha kwa heshima.

Kituo alikuwa amekipata. Na bado Haima alikuwa wa kwanza.