Kila Hati, kutoka kwa Mtu Yeyote

Haya yalimpata dada yangu wa tumbo moja, si mtu wa kusimuliwa. Nasema mapema kwa sababu wapo watu wakisikia neno mahakama na neno marehemu katika sentensi moja, wanadhani umetia chumvi. Mimi sina chumvi. Nina mashine ya kuchapa, meza ya miguu mitatu na tofali, na kibaraza cha mahakama ambapo nimekaa miaka kumi na tisa nikiwaandikia watu barua, viapo na maombi. Sheria sikuisomea darasani. Nimeisoma kwenye karatasi za watu, moja moja, mpaka wapo mawakili wanaoniletea kazi zao niwanyooshee, wakidhani sitasema. Nasema.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya kawaida kabisa. Jua la saa nne, foleni ya watu wa viapo, fundi viatu jirani yangu akibishana na mteja kuhusu soli. Dada akaja na futi yake ya kupimia bado imening'inia shingoni. Mume wake alikuwa amezikwa mwezi mmoja uliopita.

"Mdogo wake marehemu amefungua mirathi," akasema. "Nimeambiwa na watu sokoni. Mimi mke sijaambiwa kitu."

"Amefungua lini?"

"Ningejua ningekuja kukuuliza wewe?"

Dada alikuwa na ulimi kama wangu. Lakini siku ile hakuja kwa mzaha, na nilijua kwa nini. Nyumba ile ya vyumba vitatu ndiyo aliyokuwa akiishi na binti yake wa miaka tisa, na chumba cha mbele ndicho alichokuwa akishonea nguo za watu. Shemeji yake akigawa mirathi kimyakimya, wao wawili wangejikuta nje na cherehani kichwani.

Nikamwambia atulie. Lipo ombi la kutaarifiwa. Ukiliwasilisha, mahakama inalazimika kukuletea taarifa kila mara mtu anapotia karatasi kwenye jalada la mirathi ile. Unasaini kwamba umepokea, una siku kumi na nne za kupinga, na usipopinga unahesabiwa umekubali. Hakuna tena kufanyiana mambo gizani. Mimi ndivyo ninavyopenda dunia iwe.

Fomu yake ni ya zamani, imechapwa kabla sijazaliwa. Ilisema: *naomba kutaarifiwa kila hati itakayowasilishwa na mrithi au mdai aliye hai.*

"Aliye hai!" nikacheka. "Na asiye hai atawasilisha nini, kikohozi?" Nikarudisha mashine nyuma, nikayapiga maneno yale msururu wa herufi x mpaka yakapotea, na juu yake nikachapa: *mtu yeyote, wakati wowote.* Sikutaka shemeji yake dada apate mwanya hata wa sindano.

Karani wa masjala, mzee mmoja tuliyemwita Muhuri, alipoipokea aliiangalia mahali pale palipofutwa kwa muda mrefu.

"Mwandishi, maneno haya yaache yalivyo."

"Yana kazi gani?"

"Sijui. Waliotutangulia waliyaweka."

"Waliotutangulia waliweka na choo mbele ya jiko la mgahawa," nikamjibu. "Gonga muhuri, mzee."

Akagonga.

Taarifa ya kwanza ilifika siku mbili baadaye, mkononi mwa tarishi wa mahakama. Ilikuwa ya mdogo wake marehemu, akiomba kuwa msimamizi wa mirathi. Dada akasaini, nikaandika pingamizi la ukurasa mmoja, safi kama maji. Tulicheka. Niliona nimefanya kazi ya mtu mzima.

Taarifa ya pili ilikuja Jumatatu. *Aina ya hati: orodha ya mali. Aliyewasilisha:* na hapo palikuwa na jina la marehemu mwenyewe, majina yote matatu. Dada alikuwa ameshasaini kuipokea kabla hajasoma.

Nilipandwa na hasira. Nilijua ni uhuni wa karani aliyelala kazini. Nikaingia masjala nikagonga meza.

"Muhuri, maiti analeta orodha?"

Mzee hakucheka. Alifungua jalada akanigeuzia. Karatasi ilikuwepo. Mwandiko wa kulala upande, vitu vitatu tu: koti la kijivu, kiti cha mikono, cherehani. Mahali pa saini palikuwa na mstari na duara.

Hapa lazima niseme kuhusu marehemu shemeji. Hakuwa mchawi wala mlevi. Alikuwa mtu wa *changu*. Angeweza kumkimbiza mbu amrudishie damu yake. Kila kitu cha nyumba ile alikikwaruza alama yake kwa msumari, mstari na duara, kwenye masufuria, kwenye miguu ya kitanda, hata chini ya cherehani ambayo dada aliinunua mwenyewe kabla hajaolewa. Tulikuwa tukimcheka harusini na misibani.

"Nani kaileta hii?" nikauliza.

"Imeletwa kwa mkono."

"Mkono wa nani?"

Mzee akaonyesha dirisha la masjala, lile la mbao lenye tundu dogo chini la kupitishia karatasi. "Mimi hapa naona mikono tu, mwandishi. Mkono ukileta karatasi, napokea." Akashusha sauti. "Huu ulikuwa na udongo kwenye kucha."

Nilimwambia astaafu.

Lakini nilipofika kwa dada, koti la kijivu halikuwa kwenye msumari wake. Kiti cha mikono kilikuwepo. Godoro lake dogo lilikuwa limebonyea katikati, na binti alipita mbali nalo kama mtu anavyompita mbwa asiyemjua. Dada alikuwa mbele ya cherehani, miguu juu ya pedali, jasho likimtoka.

"Haizunguki," akasema.

Nikajaribu mimi. Niliweka miguu yote miwili, nikakanyaga kwa nguvu. Pedali ilikwenda chini nusu, ikasimama, kisha ikanirudisha juu taratibu. Haikuwa imekwama, nawaambieni. Chuma kilichokwama hakikusukumi. Ile ilikuwa miguu mingine, imekanyaga upande wa pili.

Tulirudi masjala asubuhi iliyofuata kuondoa ombi. Muhuri alifunga mlango kwanza.

"Zamani walikuwa wakileta," akanong'ona. "Kila mwaka mmoja, wawili. Karatasi zao zilikaa tu humu. Hati isiyomfikia mtu haimfungi mtu. Ndiyo maana ya yale maneno mawili. Wewe umeyafuta, ukampa na anwani."

"Basi tunaliondoa ombi," dada akasema.

"Pande zote za shauri zikubali, mama. Ndiyo kanuni." Akatutazama mmoja mmoja. "Nani ataenda kumwuliza?"

Nilitaka kugombana. Sikupata wa kugombana naye.

Nikamwambia dada asipokee tena kitu kutoka kwa tarishi. Akimwona, afunge mlango. Siku tatu zikapita salama. Ya nne, saa saba mchana, binti alirudi kutoka shule na bahasha.

"Nimepewa getini, mama. Nimesaini kama wewe unavyosaini."

*Aina ya hati: nyongeza ya orodha ya mali.* Kitu kilikuwa kimoja tu.

*Binti.*

Dada hakupiga kelele. Aliikunja ile karatasi ikawa ndogo, ndogo zaidi, ikawa kama kidonge, akaishika ngumini. Kisha akamvua mtoto viatu ampe maji ya kuoga, na hapo ndipo tulipoona. Kisigino cha kulia. Mstari na duara, vimekwaruzwa, ngozi imetoka kama vumbi jeupe.

"Inauma?" nikamuuliza.

"Haiumi, mjomba. Mguu sijui kama upo."

Nikaushika. Ulikuwa baridi mpaka gotini. Nje jua lilikuwa la kukausha mawe.

Pingamizi nililoandika siku ile ni zuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Kwamba mtoto si mali. Kwamba marehemu hana haki ya kudai. Kwamba ombi lenyewe lilikosewa, na kosa ni langu mimi mwandishi, kwa jina na kwa saini. Muhuri aliligonga mbele yangu. Nikakaa kwenye benchi la masjala mpaka ofisi ikafungwa, macho kwenye lile tundu.

Asubuhi lilikuwa limerudishwa mezani kwangu, chini ya tofali. Pembeni, kwa mwandiko wa kulala upande: *Mpingaji aseme anatoa nini badala yake.*

Baridi ilikuwa imefika kiunoni mwa mtoto. Madaktari wawili walimpima, wakaandika damu, wakaandika vitamini. Alianza kujibu mambo ambayo hakuna aliyemuuliza. "Ndiyo, baba." Anakunywa chai, anageuza shingo. "Bado, baba. Mama hajamaliza." Siku kumi na nne zilikuwa zimebaki tano.

"Nitatoa nyumba," dada akaniambia.

"Nyumba tayari anaihesabu yake."

"Cherehani?"

"Dada, ina alama yake chini."

Akatazama vitu vya chumba kile kimoja kimoja, kikombe, pazia, mkasi, kama mtu anayetafuta kitu kisicho na mkwaruzo. Halafu akajitazama mikono. Mbele, na nyuma.

"Usithubutu," nikasema. "Nasema usithubutu. Sitakuandikia hiyo."

"Nimekuomba?"

"Kuna njia. Nipe mpaka kesho."

"Wewe na njia zako, mdogo wangu." Alisema kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko vyote. Kwetu hatuna upole. "Nenda kale. Umekonda kama wewe ndiye marehemu."

Kesho yake nilikwenda kula saa sita na nusu. Niliporudi, mpiga chapa wa mwisho wa kibaraza, mshindani wangu wa miaka yote, aliniita kwa kidole.

"Dada yako alikuja hapa. Karatasi ya mistari miwili. Nikadhani mmekosana."

"Iliandikwaje?"

"*Badala ya binti, natoa mwenyewe.* Nikamuuliza anatoa mwenyewe nini, akasema chapa hivyohivyo." Akanitazama. "Ni ya mambo gani?"

Nilikimbilia masjala. Muhuri alikuwa ameketi, mikono chini ya meza.

"Rudisha!"

"Nilikataa kuigonga," akasema. Machozi yalikuwa yakimtoka mzee yule. "Niliusukuma muhuri mbali. Mwandishi, ule mkono uliingia tunduni ukauchukua. Ukagonga wenyewe."

Nilikimbia. Mimi ni mtu mzima mwenye tumbo, nilikimbia barabarani katikati ya magari, watu wakanipisha. Nilipopinda kona ya nyumba nilimwona binti uani. Alikuwa pekupeku. Anaruka kamba. Uso una jasho.

"Mjomba! Mguu umerudi!"

Nikamgusa shingo. Joto. Kisigino laini, hakuna kitu.

Ndani cherehani ilikuwa ikizunguka.

Nilisikia kabla sijafungua mlango. Mwendo wa haraka, mzuri, mwendo wa fundi anayemalizia kazi ya mtu. Nikafungua. Gurudumu lilizunguka mara tatu nne zaidi, likasimama.

Dada alikuwa ameketi. Kichwa kimelala juu ya mkono, kama wakati ule alipokuwa akisinzia kwenye kazi za sikukuu. Macho wazi. Alikuwa baridi mpaka kwenye meno. Miguu yake haikuwa kwenye pedali. Ilikuwa imekunjwa nyuma, chini ya kiti, na kisigino cha kulia kilikuwa kinavuja damu mbichi, mstari na duara.

Daktari aliandika moyo. Sikubishana naye. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kuiacha karatasi ya uongo ipite mbele yangu bila kuirekebisha.

Mirathi iliisha kwa wiki mbili. Mdogo wake marehemu alisaini nyumba iwe ya mtoto bila hata kuketi, na hakupokea kalamu mpaka nilipoiweka mezani nikasogea mbali. Pale Muhuri alipokuwa akikaa sasa kuna kijana wa kompyuta. Fomu bado ni ileile. Mtu akija kwangu kuijaza, namsomea kila neno, na silifuti hata moja, hata akinitukana.

Binti anaishi kwangu. Mimi ni mwanaume peke yangu, kichwa kipara, sijui kusuka hata kamba. Nilipanga kumpeleka kwa msusi Jumamosi. Ijumaa mchana alilala kidogo sebuleni, mimi nikiwa uani nikifua. Haukupita muda wa kusuuza mashati mawili. Alipotoka nje kwenye mwanga, upande wa kulia wa kichwa ulikuwa umesukwa mistari mitano, imenyooka, myembamba, imefungwa ncha kwa uzi mweusi wa cherehani.

"Nani kakusuka?"

"Mama."

Nilikausha mikono. Nilikausha tena. "Mbona upande mmoja?"

"Ameitwa," akasema. "Alisema akichelewa anagombezwa."

Leo ni wiki ya tatu. Mistari ile haijalegea, wala hakuna unywele uliochomoka. Hamruhusu msusi aguse upande wa kushoto, analia mpaka anatapika. Kila siku akirudi shule anazichana mwenyewe nywele za upande ule, anazigawa kwa chanuo mafungu matano. Kisha anakaa chini sakafuni, anaegemeza mgongo kwenye kiti kitupu, anainamisha shingo, na anasubiri.