Kadi za Mama Kilometa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifuta meza za mgahawa wa mama yake, kisha akapangusa vumbi kwenye vitu vya kale vilivyojaa barazani: mawe ya kuonyesha umbali, vibao vya njiani, pampu ya mafuta yenye kutu. Mama yake aliviokota kimoja kimoja kila barabara ilipochimbwa upya. Ndiyo maana madereva walimwita Mama Kilometa.

Mwezi huo walikuwa matatani. Ukuta ulikuwa umechorwa alama nyekundu. Barabara ingepanuliwa na mgahawa ungebomolewa, isipokuwa kama mkaguzi wa mambo ya kale angethibitisha kwamba unahifadhi historia ya kweli.

"Siku tano hizi nenda kwa Babu Greda kila jioni," mama alimwagiza. Mzee huyo aliendesha greda, mashine ya kusawazisha udongo, barabara ilipojengwa. "Andika anayokwambia kwenye kadi, tubandike kwenye kila kitu."

Chiriku alikwenda siku moja tu. Siku nne zilizobaki aliruka kamba na wenzake, kisha akayatunga mwenyewe maneno ya kadi.

Mkaguzi alipofika, alisoma kadi ya pampu: "Iliuza mafuta miaka tisini iliyopita." Akainama, akasugua kutu kwa kidole gumba. Mwaka ukajitokeza kwenye chuma. Pampu haikuwa imefikisha hata miaka hamsini.

"Mama, kama hii ni ya uongo, nyingine nitaziaminije?" Mkaguzi akafunga faili, akatoka.

Mama Kilometa akaketi sakafuni, mikono kichwani. Mpishi akaanza kupanga sahani kwenye maboksi bila kuambiwa.

"Mama, ni mimi," Chiriku alisema. "Nilizitunga."

Mama aliinuka, akaanza kubandua kadi moja moja. Hakumgombeza, afadhali angemgombeza.

Chiriku alitoka mbio, miguu mitupu. Alimkuta mkaguzi akiwasha gari, akamweleza yote huku akilia.

"Naondoka kesho adhuhuri," mkaguzi alijibu. "Niletee ukweli, si machozi."

Kwa Babu Greda, viti viwili vilikuwa vimewekwa mlangoni.

"Umekuja, mjukuu wangu," mzee alisema. "Siku nne nakuwekea kiti. Nikadhani unaumwa."

Chiriku alitamani ardhi immeze. Alimwomba radhi, kisha akaandika mpaka vidole vikafa ganzi.

"Na huo mgahawa wenu," mzee alimalizia, "ulikuwa jiko letu sisi wajenzi. Wenzangu watatu walipofukiwa na kifusi, tulichonga majina yao kwenye ukuta wa nyuma. Baadaye watu wakapaka plasta juu yake."

Asubuhi Babu Greda alifika mwenyewe, akijikongoja kwa fimbo, akaonyesha mahali. Mama Kilometa akakwangua plasta kwa kisu cha jikoni, mkaguzi, aliyeitwa na Chiriku, akiwa amesimama nyuma yake. Herufi zikatokea, majina matatu na tarehe. Mzee aliweka kiganja juu ya majina hayo.

Mkaguzi akazisoma kadi mpya za Chiriku, akafungua faili tena, akaandika.

Baraza lilibomolewa, lakini jengo likaachwa, na barabara ikapinda kidogo kulikwepa.

"Hadithi zako zilikuwa tamu, mwanangu," mama alimwambia Chiriku, "lakini nusura zitufukuze hapa. Na wale watu watatu wangefukiwa mara ya pili. Ukitumwa kuuliza, nenda ukaulize. Usiwasemee watu ambao hukuwasikiliza."

"Nimeelewa, mama," alijibu Chiriku.