Sura ya Hamdu Kwenye Diski

Saa sita kasorobo, Ijumaa. Chumba cha nyuma, Shela, kisiwani.

Jabez alichora nyumba ya Mzungu kwenye kipande cha boksi. "Mwenyewe hayupo, na wanaume wote watakuwa msikitini. Mlinzi amemwachia Hamdu ufunguo. Hamdu anafungua, mimi napanda kuchukua dhahabu, Quinter anamalizana na kamera."

Kamera zilirekodi kwenye diski ya nje, iliyochomekwa kwenye kompyuta ya Linux.

"Tuchukue diski, twende zetu," Hamdu alisema.

"Ikikosekana watajua leo leo. Ikibaki tupu, watadhani kamera zilikwama," Jabez alimkatalia.

Hamdu, mzaliwa wa kijiji cha Mbwajumali, hakutulia. Wenzake wangevaa barakoa. Yeye ndiye mpeleka maji wa nyumba ile. Angejifunika uso, mtaa mzima ungemshtukia.

"Sura yangu itakuwa mle. Mke wangu Nusra yu karibu kujifungua. Itafutwa?"

"Itafutwa, bro. Tulia," Jabez alisema.

Saa saba. Nyumba ya Mzungu.

Quinter aliandika *lsblk*, orodha ya diski ikatokea. *sda* ya kompyuta, *sdb* ya kamera. Akikosea herufi, kwisha kazi. Akaandika *umount* kuitenga diski, ikagoma, kamera bado zinaandika. Akaizima programu, akarudia, ikakubali. *mkfs.ext4*, diski ikaumbwa upya, tupu. Kisha *fsck* kuikagua: diski nzima, haina kosa. Akaanza kuandika amri ya kujaza sifuri diski yote, video zisirudi tena.

"Hiyo itaisha lini?" Jabez aliuliza, mkoba begani.

"Usiku."

"Achana nayo."

Quinter akainamisha macho. Hamdu, pale mlangoni, alimwona.

Saa nane. Mkondo wa Mkanda.

Jabez alikaa mbele ya boti, akipekua mkoba. Hamdu alishika injini.

"Bi Quinter, imefutika?"

Quinter alipunguza sauti. "Juu juu tu. Fundi akiichokonoa, video zitarudi."

"Jabez ajua?"

"Nilimwambia jana. Akasema yeye sura yake haimo."

Kwa hasira Hamdu aliiacha ndia, njia ya maji mengi, akakata kushoto. Maji yalikuwa yanatoka, bahari inakupwa. Jabez, mtu wa bara, alichagua saa ya swala, hakuuliza saa ya maji.

Boti ikakwama mchangani, mikoko huku na huku.

"Rudisha nyuma," Jabez alifoka.

Hamdu alichomoa mpira wa petroli, akautupa kwenye tope. "Maji yatarudi jioni. Boti ya doria ya polisi itakuja nayo, kama kila jioni."

"Watakushika na wewe, mjinga."

Hamdu alikaa kwenye ubao. Alimfikiria Nusra, macho yakamlowa.

"Mimi nimeshashikwa tangu saa saba. Keti, Bwana Jabez, tungoje."