Nukta Tatu za Mangaza

Kila asubuhi Elodie alichota maji, akafagia kiwanja, kisha akamsomea nyanya yake, Koko Sakina, ujumbe ulioingia kwenye simu. Mara nyingi ulikuwa wa kampuni ya simu, na Koko aliujibu kwa mdomo, kwa maneno yasiyofaa kuandikwa kwenye kitabu cha watoto.

Siku alipopata namba ya kaka yake, hata hivyo, Koko hakutukana mtu. Hakukaa, hakusimama, alirukaruka kama bisi kwenye sufuria.

Yeye na kaka yake, Bulaimu, walipotezana wakati wa vita, watu walipogombania mitumbwi ya kuvuka mto Lualaba. Bulaimu alipanda. Sakina alibaki ukingoni, vidole vya mkono wa kulia vimepondwa na msukumano. Sasa msafiri mmoja alikuwa ameleta namba yake kutoka Lubutu. Lakini matapeli walikuwa wamemchosha mzee Bulaimu: wawili walishamlilia kwenye simu wakijiita Sakina. Sauti hakuiamini tena, na simu yake kuukuu haikufungua picha. Elodie alipomwandikia kwa niaba ya Koko, akajibu: "Kama ni wewe, andika jina la mama kama baba alivyotufundisha."

Mama yao aliitwa Mangaza. Baba, mwalimu wa Kurani, aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na sauti ya "ng" aliiandika kwa herufi ghaini yenye nukta tatu juu, badala ya moja. Koko alimchorea Elodie jina lote mchangani kwa mkono wa kushoto.

Elodie akaitafuta kwenye simu. Ya nukta moja ipo. Ya tatu haipo. Nje rafiki yake Christelle akaita, "Unakuja kuruka kamba, ao umeolewa na hiyo simu?"

Elodie akabonyeza ya nukta moja, akatuma.

"Umeweka nukta zote?" Koko akauliza.

"Zote, Koko."

Jibu likaja upesi: "Mwizi mwingine! Kesho natupa laini hii." Elodie akalifuta, akatoka.

Tangu hapo hakutulia. Kamba ilimnasa miguu. Sombe, mboga yake ya majani ya muhogo, aliiacha sahanini. Koko naye aliketi na simu mapajani, akiipangusa kwa kitenge kama mtoto mwenye mafua.

Asubuhi Koko akasema polepole, "Labda amekufa. Ao amekasirika bado. Nilikuwa namwibia samaki, unajua."

Elodie akaangua kilio, akasema yote.

Koko akamfuta machozi kwa kitenge. Kisha akasema, "Unangoja nini? Machozi hayana nukta. Kimbia!"

Elodie akakimbia na simu hadi mtaa wa Kasuku, kwenye kibanda cha fotokopi cha Idrissa, kijana aliyemwita yaya, yaani kaka. "Yaya Idrissa, mashine yako iko na ghaini ya nukta tatu?"

Idrissa akacheka. "Mutoto, ndani ya mashine hakuna herufi, iko namba tu. Kila herufi imepewa yake. Hii yako haina kitufe kwenye simu, lakini namba yake iko."

Akaitafuta, akaiandika. Herufi ikajitokeza, nukta zake tatu zimekaa kama mafiga. Idrissa akaituma kwenye simu. Elodie akaipachika katika jina la Mangaza. Chini akaongeza: "Nukta moja ilikuwa uvivu wangu mimi, mjukuu. Koko hana kosa."

Akatuma, akarudi nyumbani mbio. Je, laini ilikuwa imeshatupwa? Koko alizunguka jiko, akazunguka nyumba, akamzunguka na kuku aliyekuwa amejilalia zake.

Simu ikalia.

"Sakina," sauti ya mzee ilitetemeka, "ni nani huyo mvivu?"

"Ni damu yako, Kaka. Amekurithi wewe."

Wakacheka, wakalia, mpaka salio la Bulaimu likaisha. Ndipo Koko akamvuta Elodie karibu.

"Kuikosa herufi si kosa, mutoto wangu. Ungesema, 'Koko, haipo,' tungeitafuta pamoja. Lakini ulisema 'zote', kisha ukalificha jibu ili uongo usionekane. Uongo uko vile: ukiuzaa mmoja, unataka mdogo wake. Huo wako ulikuwa mdogo kama nukta, na karibu unizikie kaka aliye hai."