Kipimo cha Mama Mkwe

"Usiniguse! Nimesema usiniguse, binti!"

Ukumbi mzima wa ukaguzi uligeuka. Mama wa makamo, mwenye kitambaa cha zambarau kichwani, alisimama nje ya mashine ya kukagua mwili, mikono ameikunja kifuani. Kwenye skrini, ile picha ya mtu asiye na sura, ambayo ni ileile kwa kila abiria, ilikuwa na kiboksi cha njano upande wa kushoto wa kifua, alama ya mahali pa kukaguliwa kwa mkono.

Binti mkaguzi alirudi nyuma hatua moja. Kelele alizizoea. Kilichomrudisha nyuma ni sura ya yule mama, maana aliiona kila siku kwenye picha iliyotundikwa ukutani, dukani kwa mchumba wake. Huyu ndiye mama mkwe wake mtarajiwa, na mwenyewe hana habari.

Mchumba alikuwa fundi cherehani, kila mtu akimwita Fundi. Yeye naye akambandika binti jina la Afande, kwa utani wa ile sare. Walipendana hao, we acha tu! Ila harusi ilikwama mahali pa ajabu. Fundi aliapa kuwa siku hiyo mama yake atavaa gauni la mkono wake yeye, na mama kila akiombwa asimame apimwe, alikuwa na kisingizio. Asubuhi ileile Fundi alikuwa ametuma meseji:

"Afande wangu, nampeleka mama uwanjani, anaenda kwa mama mdogo. Jana kakataa tena kupimwa. Naona hakutaki, anaona haya tu kuniambia. Nami siwezi kuoa huku mama amenuna."

Afande alivuta pumzi. Nje ya madirisha ukungu ulikuwa bado umelala juu ya njia ya ndege, na mwanga ulioingia ulikuwa laini kama wa ndotoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lakini usiniguse."

"Sikugusi bila ruhusa yako. Una haki ya kukaguliwa faraghani, na mwanamke, na shahidi mwanamke awepo. Hakuna atakayekuvua nguo. Kila ninapotaka kugusa nitakuambia kwanza. Ukisema hapana, tunasimama."

"Mnasimama kweli, au ndiyo maneno yenu?"

"Kweli, mama. Ukitaka, nikuitie mwenzangu badala yangu."

Mama akamshika mkono. "Wewe. Si mwingine."

Walipoelekea kwenye chumba cha faragha, Afande aliinua macho. Ng'ambo ya kioo, wanakoishia wasindikizaji, Fundi alikuwa amesimama. Alimwona mchumba wake akivaa glavu, akimwingiza mama yake ndani, akifunga mlango.

Chumbani mlikuwa na kiti kimoja, pazia, na mkaguzi mwenzake aliyesimama kimya pembeni. Mama aliketi na machozi yakaanza kumtoka.

"Titi hili si langu," alisema taratibu. "Langu lilikatwa. Hili ni la bandia, nalivaa ndani ya sidiria. Leo naenda hospitali, siendi kwa mdogo wangu wala nini."

"Pole sana, mama. Basi hapo sigusi mimi. Jipapase mwenyewe juu ya nguo, kisha nitapitisha kitambaa hiki cha kupimia baruti viganjani mwako. Inatosha."

Mama alijipapasa. Afande alipitisha kitambaa kwenye viganja vile polepole sana, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Una mkono mzuri," mama alisema. "Nina kijana, mshonaji. Anataka kunipima gauni la harusi yake. Akizungusha futi hapa, si ataona? Baba yake alipougua alifunga duka, akaacha kila kitu, akakaa kitandani kwa mzee mpaka mwisho. Akijua na mimi, atafunga tena, na harusi ataitupa. Huyo mchumba wake mpaka leo nimekataa aletwe nyumbani. Akija, tarehe itapangwa. Tarehe ikipangwa, nitapimwa!"

Afande aliona chumba kinaelea. Kumbe si mimi! Kumbe hanichukii! Alitamani amwangukie palepale amwambie, mama, ni mimi. Lakini angekuwa anamvizia mtu akiwa hana pa kukimbilia.

"Niapie hutamwambia mtu," mama alisema.

"Cha chumba hiki kinabaki humu, mama. Naapa."

Jioni simu iliita.

"Ulimfanya nini mama yangu?"

"Nilimkagua, Fundi. Ndiyo kazi yangu."

"Watu wote wanapita, yeye tu anafungiwa mlango? Ametoka macho mekundu, nimemwona! Nimempigia, anasema niache habari hizo. Ulikuwa unamlipizia kwa sababu hakutaki?"

"Hapana. Wallahi hapana."

"Basi niambie kilichotokea."

Neno moja tu lingemwokoa. Lilimkaa ulimini, akalimeza.

"Siwezi. Muulize yeye."

"Nimemuuliza! Sasa nakuuliza wewe. Mke gani huyo wa kunificha habari za mama yangu?"

Simu ikakatwa. Baadaye ikaingia meseji: "Tusisumbuane. Harusi haipo."

Siku zilizofuata alifanya kazi kama anayetembea chini ya maji. Abiria walikuja, wakainua mikono, wakapita. Nyumbani alilia mpaka mto ukalowa. Aliandika mara nyingi, "Mama yako ni mgonjwa," akafuta mara zote.

Kisha mchana mmoja jina la Fundi likatokea kwenye simu. Sauti haikuwa yake.

"Binti, ni mimi, yule mama wa uwanjani. Njoo dukani."

Alikwenda na sare yake. Fundi alikuwa ameketi nyuma ya cherehani, hajui aweke wapi macho. Mama alisimama katikati ya vitambaa.

"Nimerudi, namkuta mwanangu hali chakula," alisema mama. "Namuuliza, ananiambia amemwacha mchumba wake kwa sababu ni yule askari aliyeniliza uwanjani. Nikauliza, naye alijiteteaje? Ananijibu, alikataa kusema. Alikataa, mwanangu! Angesema neno moja tu angekuwa mkeo."

"Neno gani, mama?" Fundi aliuliza.

Mama alifungua koti lake. "Upande huu hamna kitu. Walikata. Nilikuwa nakukimbia wewe na futi lako."

Fundi alisimama, akaketi, akasimama tena. Kisha akamkumbatia mama yake, akalia kwa sauti hadi wapita njia wakachungulia.

"Madaktari wanasema naendelea vizuri," mama alisema akimpigapiga mgongoni. "Ukifunga duka hili, nakulaani. Haya, geuka. Kuna mtu umemkosea."

Fundi aligeuka, uso umelowa. "Afande... nisamehe."

"Uliniacha kwa meseji," Afande alisema. "Kunirudia utatumia mdomo. Kwa sauti, mama asikie."

"Nakupenda. Nilikuwa mjinga. Nioe... nikuoe, namaanisha!"

Mama aliangua kicheko. Afande naye akacheka huku machozi yanamtiririka, akamwendea, na kwa muda hakuna aliyesikia magari ya barabarani wala honi.

"Inatosha, mtakumbatiana mkishaoana," mama alisema. Alichukua futi mezani, akamkabidhi Afande. "Nipime wewe, mkwe wangu. Huyu aandike."

Afande alizungusha futi. "Naanza mabegani, mama."

"Endelea."

Akataja kiuno, akataja urefu wa mkono. Fundi aliandika. Kisha akasimamisha penseli, asiweze kuinua kichwa.

"Kifua?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Afande alimtazama mama mkwe wake, akisubiri ruhusa.

"Msomee," mama alisema. "Aandike kilivyo."